Mzinga Una Jina, Mpagazi Hana



Mapenzi ya binaadamu kwa vitu vya kale hayana mwisho. Mmoja hukusanya stempu, mwengine sarafu za Masultani, mwengine visahani vya kauri kama vile vilivyokuwa vikipamba kuta za majumba ya Lamu na Pate. Na wako watu, wala si wachache duniani, ambao mapenzi yao yameangukia zana za vita. Hutafuta kofia za chuma, medali, ramani, bunduki zisizolia tena, magari ya deraya, hata vifaru vizima. Huvinunua vikiwa vimeliwa na kutu, wakavifungua kipande kwa kipande, wakavisafisha, wakavitia rangi ile ile ya siku za vita, kisha wakawaalika watu waje kuvitazama.

Vijana wetu nao wanayaona mambo haya katika picha, na huuliza: je, yafaa? Jibu la fiqhi ni fupi. Asili ya vitu ni ruhusa mpaka lipatikane la kukataza, na chuma kisichomdhuru mtu, kilichopatikana kwa njia ya halali, hakuna aliyekikataza kuwekwa. Lakini jibu hilo fupi halimalizi swali. Kisahani cha kauri kazi yake ilikuwa kuliwa wali. Mzinga kazi yake ilikuwa kuua. Vitu viwili hivi haviwezi kuwekwa rafu moja, vikapanguswa kwa kitambaa kimoja, na moyo mmoja ukatosheka. Basi tuwapime wakusanyaji hawa kwa uadilifu: wanahifadhi nini, na wanaacha nini?

Tuanze na sifa zao, maana mwenye haki hupewa haki yake hata kama twataka kumkosoa. Huko Bovington, Uingereza, penye makumbusho ya vifaru, kiko kifaru cha Kijerumani cha namna ya Tiger, namba yake 131. Waingereza walikiteka Tunisia mwezi wa Aprili 1943. Ni chuma cha zaidi ya tani 50, chenye mzinga wa milimita 88. Mwaka 1990 kilitolewa makumbushoni kikafunguliwe na mafundi, na kazi ikachukua zaidi ya miaka 10, mpaka mwanzoni mwa karne hii kikawaka na kutembea kwa nguvu zake chenyewe. Hakuna kingine cha namna hiyo duniani kinachotembea. Fundi yeyote wa kwetu, awe wa jahazi au wa mashine, akiisikia kazi hiyo atajua thamani yake. Kutafuta skrubu iliyoacha kutengenezwa tangu 1944, kuichora, kuichonga, kuijaribu na kuirudia, hiyo ni subira, na subira ni katika tabia njema.

Lakini itazame siku ya maonyesho. Watu hujipanga kando ya uwanja, kifaru hupita kikinguruma, moshi hutoka, watoto hupiga makofi. Muulize mtazamaji uzito wa kile chuma, atakwambia. Muulize unene wa deraya yake, atakwambia. Muulize sasa khabari ya wakulima wa Tunisia ambao mashamba yao yaligeuzwa uwanja wa vita na mataifa ya kigeni yaliyokuwa na ugomvi wao, hana la kusema. Wala hatakwambia kwamba katika jangwa la magharibi ya Misri, upande wa El Alamein palipopiganwa 1942, mabomu yaliyotegwa ardhini na majeshi yale yale yaliendelea kuwaua na kuwakata miguu Mabedui na wachungaji wao, miaka mingi baada ya wenye vita kurudi makwao. Kifaru kimetengenezwa kikawa kipya. Ardhi ile haikutengenezwa.

Hii ndiyo kasoro ninayotaka kuionyesha katika makala haya. Mkusanyaji hukitoa kutu chuma, akawaacha watu wa chuma kile wamefunikwa. Hujua kila kitu cha chombo, wala hajui kitu cha aliyekibeba na aliyepigwa nacho. Na chombo kikisafishwa namna hiyo, hugeuka kuwa kitu cha kupendeza tu, na vita vikageuka kuwa mchezo.

Basi tusiwaseme wa mbali tukajisahau. Kasoro hii iko kwetu, mbele ya macho yetu, na wala haihitaji nauli ya Ulaya kuiona. Njoo nami Mombasa.

Penye Ngome, ile waliyoijenga Wareno baina ya 1593 na 1596 na ambayo tangu 1960 ni makumbusho, imewekwa mizinga miwili ya manowari ambayo wengi hupita kando yake bila kuitazama mara mbili. Mmoja ni wa manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg. Wa pili ni wa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Pegasus. Mizinga hii ilikuwa mahasimu, na kisa chake chote ni kisa cha pwani yetu.

Königsberg ilifika Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914, muda mfupi kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Vita vilipoanza ikatoka baharini kuwinda. Asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja, mitambo yake ikitengenezwa. Königsberg ikaja, ikaipiga kutoka mbali, mahali ambapo makombora ya Pegasus hayakuweza kufika. Haikuchukua muda mwingi Pegasus ikawa si kitu, na baadaye ikazama. Baadhi ya mabaharia wake walizikwa kisiwani Chapwani, mbele ya mji wa Unguja, na makaburi yao yako huko.

Königsberg nayo haikufika mbali. Iliingia katika delta ya Rufiji, ikajificha baina ya mikoko. Waingereza wakaifungia milango ya mto kwa miezi, kisha wakaleta manowari mbili za kwendea maji mafupi, Severn na Mersey. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ilipigwa ikaumizwa vibaya, na nahodha wake, Max Looff, akaamuru izamishwe papo hapo mtoni.

Hapa ndipo kisa cha mizinga kinapoanza. Königsberg ilikuwa na mizinga 10 ya sentimita 10.5. Wajerumani waliitoa yote katika mabaki ya meli, wakaipeleka Dar es Salaam, wakaifanyia magurudumu, wakaingia nayo bara kupigana nchi kavu chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Waingereza nao walikuwa wameiopoa mizinga ya Pegasus, wakaitia magurudumu vile vile, wakaingia nayo vitani. Mizinga iliyotengenezwa kupigana baharini, ikawa inapigana porini. Vita vile katika Afrika Mashariki havikwisha mpaka tarehe 25 Novemba 1918, Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Mzinga mmoja wa Königsberg ukapelekwa Pretoria, ukawekwa mbele ya majengo ya serikali. Mmoja ndio huu ulioko Mombasa.

Haya ndiyo husimuliwa, na husimuliwa vizuri. Vitabu vya vita hivi ni vingi na picha zake ni nyingi. Ila kuna swali ambalo kila mwenye akili angeliuliza akiusimamia mzinga ule: kitu kizito namna hii, kilichofanywa kukaa juu ya sitaha ya meli, kilipitaje Rufiji na Mahenge na milima na matope ya masika? Barabara hazikuwapo. Ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o. Reli haikufika kila mahali. Kilipitaje?

Kilivutwa na watu. Mamia ya watu kwa mzinga mmoja, kwa kamba, kwa mabega na kwa nyayo. Mbele yao wakakata miti, nyuma yao wengine wakabeba makombora kichwani, na nyuma ya hao wengine wakabeba chakula cha wale wa mbele. Mpagazi hubeba mzigo, naye mwenyewe hula. Safari ikizidi urefu, chakula anachokibeba hukila chote njiani, na hapo itahitajiwa apatikane mpagazi wa pili wa kumlisha wa kwanza. Ndiyo maana idadi ya wapagazi ilizidi ya askari mara nyingi. Katika vita vile, kwa pande zote, waliochukuliwa upagazi walizidi milioni moja. Wengine walikubali ujira, wengi walikamatwa vijijini. Waliokufa walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa homa, kwa njaa, kwa kulala katika mvua bila ya blanketi.

Sasa tuweke mizani. Manowari ina jina, na mwaka iliyoshushwa majini wajulikana. Nahodha ana jina. Kamanda wa nchi kavu ana jina, na kitabu chake mwenyewe juu ya vita vile kilitoka 1920. Mzinga wenyewe, chuma kile, una jina la meli yake. Mpagazi hana. Kitabu kikubwa cha Geoffrey Hodges kilichowachunguza wapagazi wa upande wa Waingereza kilitoka 1986. Baina ya vitabu viwili hivyo pana miaka 66. Katika miaka hiyo, mtoto aliyezaliwa na mjane wa mpagazi alikua, akazeeka, na pengine akafa, bila ya mtu wa kalamu kumuuliza baba yake alikuwa nani.

Jina la kundi lao ndilo lililobaki, nalo lilibaki bila ya kukusudiwa. Waingereza waliliita jeshi la wapagazi Carrier Corps, ulimi wetu ukatamka Kariakoo. Leo mtu huenda Kariakoo ya Dar es Salaam kununua kanga na mchele, na wa Nairobi huenda Kariokor kununua vyondo, wala haimpitikii moyoni kuwa anatamka jina la watu waliokufa chini ya mizigo. Nasema soko hili limewahifadhi wapagazi kuliko makumbusho mengi.

Itazame na sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927. Kwa ufundi ni kazi nzuri: askari mmoja wa shaba, bunduki mkononi, anasonga mbele. Lakini yuko peke yake. Anayeitazama hudhani kuwa vita vile vilipiganwa na mtu mwenye bunduki, anayejilisha mwenyewe na kujibebea mwenyewe. Sanamu ya Nairobi, ya 1928, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Kwa kipimo ninachokitumia hapa, ya Nairobi ni ya kweli zaidi, ijapokuwa nayo ilijengwa na watawala kwa nia za watawala. Mchongaji mwenye kumtia mpagazi katika shaba amesema kweli, na mwenye kumwacha amepunguza kweli. Kupunguza kweli ni mlango wa uongo.

Atasema msemaji: basi kwa nini tusiviyeyushe vyuma hivi vikafanywa majembe? Vililetwa na wageni, vikaua watu wetu kwa ugomvi usiotuhusu. Maneno hayo nimeyasikia kwa watu wazima wenye akili, na yana uzito. Lakini mimi siyakubali. Mzinga ule ni shahidi. Ukiyeyushwa, atakuja mtu kesho kusema kuwa vita vile havikutufikia, au vilipita kwa upole, na hatutakuwa na cha kumwonyesha. Shahidi hauawi. Ila shahidi wa chuma ni bubu, na anayemweka mbele ya watu amejitwika kazi ya kumsemea. Akimsemea nusu, akataja kipenyo cha mtutu na kasi ya kombora tu, amemfanya shahidi wa uongo.

Na sisi tuna mafunzo yetu katika jambo la silaha, yatosha kuyakumbuka machache. Qur'ani yatukumbusha kuwa Nabii Daud alilainishiwa chuma, akafundishwa kufanya mavazi ya vita, na hikima yake ilikuwa kuwakinga watu. Fundi wa kwanza wa deraya tunayemsoma katika Kitabu alifanya kinga. Na Mtume wetu, Swalla Llahu alayhi wasallam, alikuwa na panga na ngao na deraya, na zingine zinazonasibishwa naye zimehifadhiwa Topkapi, Istanbul, na watu husafiri kwenda kuzitazama. Lakini khabari iliyo sahihi zaidi juu ya deraya yake ni ile aliyoisimulia Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake: kwamba Mtume alifariki na deraya yake iko rehani kwa Myahudi mmoja, kwa pishi 30 za shayiri. Yatafakari hayo, ewe msomaji. Deraya ya mtu mtukufu kuliko wote iliwekwa rehani ili nyumba ipate chakula. Hakuitundika ukutani kujifakharisha nayo. Chombo cha vita kilikuwa chombo, na shayiri ya watu wa nyumbani ilikuwa bora kuliko chombo.

Mfano wa hayo katika nchi zetu hizi uko juu ya maji, katika ziwa Tanganyika. Wajerumani walijenga meli huko Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaileta Dar es Salaam ndani ya maelfu ya masanduku, ikapandishwa bara mpaka Kigoma na kuungwa tena huko. Ikaingia majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen, na ikatiwa silaha, na mmoja katika mizinga yake ulikuwa wa ile ile Königsberg. Mwaka 1916 Wajerumani walipoona wanashindwa, waliizamisha kwa mikono yao. Lakini mafundi wake hawakuwa na moyo wa kuiharibu. Waliipaka mitambo grisi nene, kisha wakaiteremsha chini taratibu. Waingereza wakaiinua 1924, wakaikuta mitambo yake salama, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Tangu hapo, kwa miongo mingi, meli hiyo ya vita ikawa ya abiria na mizigo: dagaa, mahindi, wanawake na watoto wao, wachuuzi na kuku wao. Mwaka 2015 watu waliokimbia machafuko ya Burundi walipokwama ufukweni Kagunga, mahali pasipo na barabara, Liemba ndiyo iliyowachukua kwa mamia kila safari mpaka Kigoma. Huo ndio utengenezaji wa zana ya vita ninaousifu bila ya kusita. Mzinga uling'olewa, meli ikabaki, na chombo kilichopandishwa bara vipande vipande kikarudi kuwahudumia watu.

Najua si kila zana yaweza kuwa meli ya abiria. Mzinga hauwezi kuwa kitu chengine ila mzinga. Ndiyo maana kwa mzinga ufundi hautoshi, na wahitajia maneno ya kweli kando yake.

Sasa niseme neno juu ya ufundi wenyewe, kwa kuwa nao una funzo. Chuma kilichokaa baharini hunywa chumvi mpaka ndani. Mtu asiyejua hukitoa, akakianika, akakisugua, akakipaka rangi nyeusi ya kung'aa, akafurahi. Baada ya muda rangi hutoka mabaka, na chuma huanza kumeguka chenyewe, kwa sababu chumvi iko ndani inafanya kazi yake. Mafundi wa kweli hukiloweka kwa miezi, pengine kwa miaka, katika maji yaliyotiwa dawa kali ya soda, wakibadilisha maji mara kwa mara mpaka chumvi itoke yote. Kisha ndipo hukikausha na kukitia nta. Kazi hiyo haina makofi wala haionekani machoni, lakini ndiyo inayookoa. Makosa yaliyofichwa chini ya rangi nzuri hayaponi, yawe ya chuma au ya historia.

Mombasa wenyewe tuna mfano mzuri wa kazi hiyo. Fregata ya Kireno iliyoitwa Santo António de Tanná ilizama chini ya Ngome 1697, wakati Waomani walipokuwa wameizingira. Baina ya 1977 na 1980 wataalamu waliichimba chini ya maji pamoja na watu wa makumbusho ya Kenya. Walipima na kuchora kila ubao palipokuwapo kabla ya kuugusa, wakatoa vitu vya watu, vyombo vya kulia, vya udongo, vya kazi, vya vita, vikatibiwa na kuwekwa Ngomeni. Kiwiliwili cha meli kikaachwa kilale pale pale. Hawakutafuta mizinga peke yake. Walitafuta maisha ya waliokuwamo. Mwenye kutaka kujifunza namna ya kukusanya vitu vya vita bila ya kuwatupa watu, na aende akavitazame vile vyombo vidogo vidogo, akae navyo, asivikimbie akaenda kupiga picha juu ya mzinga.

Ndugu msomaji, baada ya kuwasema wenye vifaru na wenye makumbusho, imebaki nyumba yako. Nyumba nyingi za pwani zina sanduku, na ndani ya sanduku mna jambia, au upanga, au gobori lisilo na mtambo, au medali za babu aliyekwenda na K.A.R. Abyssinia, Madagaska au Burma katika Vita Vikuu vya Pili. Wewe nawe ni mhifadhi wa zana za vita, ingawa hukujua. Nakuusia mambo manne.

La kwanza, usisugue. Medali za fedha ambazo Waingereza waliwapa askari wao baada ya Vita vya Kwanza zilichorwa ukingoni namba, jina na kikosi cha aliyepewa. Herufi hizo ni nyembamba. Bibi wa nyumba mwenye bidii huichukua kila Idi akaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ing'ae kama kioo, na kila Idi herufi hupungua, mpaka siku moja medali inang'ara nayo haina mwenyewe. Hili ni dogo kwa sura, lakini ndilo hilo hilo nililokuwa nikilisema tangu mwanzo: twausafisha mng'aro, twamfuta mtu. Medali iliyofifia yenye jina ni bora kuliko yenye kumeta isiyo na jina. Ifunge katika kitambaa kikavu cha pamba, iweke pasipo na unyevu, basi.

La pili, andika. Nyota za Vita vya Pili za Waingereza nyingi zilitolewa bila ya jina lolote. Nyota ya Burma iliyomo sandukuni mwako hailijui jina la babu yako. Wewe walijua, na mamako alijua zaidi. Chukua karatasi, andika jina lake kamili na la baba yake, kijiji alichotoka, mahali alipokwenda, alilolisimulia, na hata alilokataa kulisimulia. Iweke pamoja na medali. Na kama katika ukoo wenu kulikuwa na mpagazi ambaye hakuleta medali ila mguu mbovu na kikohozi, muandike naye, na muanze yeye.

La tatu, jihadhari. Kombora la zamani lililopatikana shambani au ufukweni si pambo la mlangoni wala si chuma cha kuuza kwa mizani. Baruti ya kale haizeeki kwa amani, na miaka 100 haikuhakikishii kuwa imekufa. Usiliguse, usilihamishe, waarifu wenye serikali. Na bunduki iwezayo kulia, hata ikiwa ya babu, sheria yaihesabu kuwa bunduki. Mtume alitukataza kumwelekezea ndugu silaha hata kwa mzaha, na watoto hawajui kitu chengine cha kuifanyia bunduki iliyotundikwa ukutani.

La nne, usiuze kwa pupa. Huja mtu mpole, mwenye mfuko wa pesa, akasifu jambia la marehemu, akataja bei. Kumbuka kwamba mali ya mirathi ina washirika, na mmoja hawezi kuiuza peke yake bila ya ridhaa ya wenziwe. Kumbuka pia kuwa sheria za mambo ya kale, ya Tanzania ya 1964 na ya Kenya ya 2006, hazikuruhusu vitu vya namna hiyo kutolewa nchini bila ya kibali. Na kikishavuka bahari, kitu chako kitawekwa katika kabati la kioo na kuandikiwa kwa mkato kuwa ni jambia la Afrika Mashariki, na jina la marehemu wako halitakuwamo. Kama dhiki imekulazimisha, na dhiki haina aibu, wauzie makumbusho ya nchini, na uwape karatasi yenye jina pamoja na kitu.

Na kwa wenye makumbusho na wakusanyaji neno langu ni hili. Kazi yenu ni amana, na ufundi wenu twauheshimu. Mnapoandika ubao wa kuelezea mzinga, andikeni jina la meli na kipimo cha mtutu, kisha mwandike umevutwa na nani, umetoka wapi mpaka wapi, na umeacha makaburi mangapi njiani. Ikiwa majina hayapatikani, andikeni kwamba walikuwapo na kwamba majina yao hayakuwekwa na waliowachukua. Hata hilo ni haki yao.

Mwenyezi Mungu awajua wote kwa majina yao, waliovuta mizinga na waliopigwa nayo, na daftari lake halisuguliwi likafutika. Lakini sisi tutaulizwa juu ya tulichokiweka na tulichokitupa.

Wabillahi tawfiq.